Kukitoa chuma majini ni rahisi, kukitunza ndiyo kazi

Mto hauna kufuli, lakini ni sanduku kubwa. Penye kivuko abiria huangusha sarafu, penye ufuo wa kuogea pete huteleza vidoleni, na penye shamba la ukingoni jembe humponyoka mkulima likazama. Vita vikipiganwa kando yake, mikuki na visu huishia humo humo. Maji hupita yakaenda zake baharini, bali chuma hubaki. Hulala katika mchanga na tope miaka kumi, mia, au hata elfu mbili, kikingoja mwenye bahati.

Siku hizi bahati hiyo ina mashine yake. Msomaji aliyewahi kuingia benki au hoteli kubwa mjini Nairobi au Mombasa amekwisha iona ndugu yake mdogo: kile kijiti ambacho askari wa langoni hukupitishia mwilini, kikalia kikifika penye funguo. Mashine ya mtoni ni ile ile, ila ina mpini mrefu na sahani ya duara mwishoni, na mwenyewe huivalia visikizi masikioni ili asikie mlio wake. Huko Ulaya, Marekani na Australia ni maelfu ya watu wanaopenda kushinda majini nayo mwisho wa juma. Kwetu nako inajulikana, hasa miongoni mwa wanaotafuta dhahabu.

Muuza duka atakuonyesha namna ya kuiwasha. Ni nadra akueleze mambo mawili yaliyo makubwa kuliko hilo. La kwanza, maji yale yale yaliyokihifadhi chuma karne nzima yaweza kuiua mashine yako kwa alasiri moja. La pili, kitu kilichodumu majini miaka mia tatu chaweza kuharibika mezani pako kwa majuma machache, usipojua kukitunza. Anayeingia mtoni bila kuyafahamu hayo hupoteza mara mbili: fedha zake, na mali ya kale ambayo haitapatikana tena.

RAIS NA RISASI

Mashine hii haikubuniwa kwa ajili ya hazina. Tarehe 2 Julai 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, na waganga wakashindwa kujua risasi imekwama wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule aliyejipatia jina kwa simu, alileta chombo cha umeme cha kuitafuta. Hakikufaulu. Inasemwa kwamba springi za chuma za kitanda zilikivuruga, na tena daktari mkuu alimruhusu kupima upande wa kulia tu, ilhali risasi ilikuwa kushoto. Rais alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huo huo.

Mnamo 1937 Gerhard Fischer, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipata hataza ya mashine ya kubebwa mkononi. Kisha vikaja vita vikuu vya pili. Józef Kosacki, afisa wa jeshi la Poland aliyekimbilia Uingereza, alibuni mashine ya kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini, na mwaka 1942 mashine 500 za namna hiyo zilitumika katika jangwa la Misri, huko El Alamein. Kila moja ilikaribia kilo 14. Vita vilipokwisha, watu wa kawaida waliichukua kazi ile wakaigeuza kuwa mchezo.

JINSI INAVYOSIKIA

Ndani ya ile sahani ya duara mna koili za waya wa shaba. Umeme upitao katika koili ya kwanza hugeuka huku na huku mara maelfu kwa kila sekunde, na hivyo huzusha nguvu ya sumaku inayopanda na kushuka. Nguvu hiyo ikikutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka kama maji yazungukavyo nyuma ya jiwe. Mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake, koili ya pili ikaisikia, na mashine ikalia. Basi haioni dhahabu wala haijui thamani. Husikia tu kwamba hapa pana kitu kinachopitisha umeme.

Katika mto wa maji baridi mashine hii hufanya kazi vizuri, maana maji matamu hayapitishi umeme mwingi. Baharini ni mambo mengine. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine ya kawaida hupiga kelele kana kwamba bahari nzima ni sufuria. Kwa hiyo wapo watengenezaji waliobuni aina nyingine: hupiga pigo fupi la umeme, hunyamaza, halafu husikiliza. Mwangwi wa chumvi hufifia upesi, wa metali hukawia kidogo, nayo mashine husikia ule unaokawia. Kasoro yake ni kwamba si hodari wa kubagua msumari na pete.

Mashine peke yake haitoshi. Sharti ujue mto nao unavyofanya kazi. Dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, fedha zaidi ya mara 10, chuma karibu mara 8, hali jiwe la kawaida ni kama mara mbili na nusu tu. Kwa hiyo mto huziangusha metali pale upunguzapo mbio: upande wa ndani wa kona, nyuma ya majabali, na katika nyufa za mwamba wa chini. Watafutaji wa dhahabu waliofurika Kakamega kuanzia mwaka 1931 walilijua hilo na makarai yao, bila mashine yoyote ya umeme.

Mwendo wenyewe ni wa taratibu. Hutembea akielekea juu, mto unakotoka, ili tope analolitibua lichukuliwe nyuma yake lisimfiche. Sahani huipeleka kulia na kushoto karibu na sakafu ya mto, kwa kuwa sarafu moja ikishapita kama sentimita 30 chini ya mchanga mara nyingi haisikiki. Mlio ukija, hutumia koleo lenye matundu, linalochuja mchanga na kukibakiza kitu.

TOPE LA LONDON

Hakuna mto unaotufundisha habari hizi kuliko Thames, upitao katikati ya jiji la London. Ingawa ni mto, bahari huusukuma mara mbili kwa siku, na hapo penye Daraja la London maji hupanda na kushuka hadi kadiri ya mita 7. Mwenyeji wa Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa kujaa na kupwa ni nini. Maji yakipwa, kingo za tope na changarawe hubaki wazi kwa saa chache, na hapo watafutaji hushuka ngazi za mawe wakiwa na mabuti na ndoo.

Kazi hiyo zamani ilikuwa ya mafukara. Katika karne ya 19 watoto na wazee wa London waliingia tope miguu mitupu, wakiokota makaa, kamba, misumari na vipande vya shaba vilivyoanguka kutoka merikebuni, ili wauze wapate mkate. Mwandishi Henry Mayhew aliwaeleza mwaka 1851 katika kitabu chake juu ya maskini wa jiji hilo. Leo wanaoshuka hawatafuti mkate, wanatafuta historia.

Nayo historia imo. Mwaka 1834 ilitolewa humo, karibu na Daraja la London, kichwa cha shaba nyeusi cha Hadrian, mfalme wa Warumi. Mwaka 1857, wakati wa kujenga daraja huko Chelsea, ilipatikana ngao ya shaba iliyonakshiwa kwa vioo vyekundu, iitwayo ngao ya Battersea, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1868, karibu na daraja la Waterloo, ikatolewa kofia ya vita yenye pembe mbili. Vyote vitatu vimo katika Makavazi ya Uingereza.

Kwa nini havikuliwa na kutu? Jibu ni tope. Tope zito la Thames halina hewa. Kutu huhitaji maji na oksijeni pamoja. Ukikinyima chuma oksijeni, kutu huenda polepole mno. Ndiyo maana hata ngozi za viatu na mbao hudumu humo karne kadhaa. Tope hilo ni ghala, nasi tukilifukua tunafungua mlango wa ghala kwa hewa.

Waingereza wamekwisha tambua hatari hiyo. Tangu mwaka 2016 kila atafutaye kando ya Thames, awe na mashine au awe na macho yake tu, ni lazima apate kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London. Kuna mahali ambapo ni marufuku kabisa kuchimba, kwa mfano mbele ya ngome ya zamani iitwayo Mnara wa London. Mwaka 2022, waombaji walipozidi kiasi, mamlaka hiyo ilisimamisha kwa muda kutoa vibali vipya.

Tena iko Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayomtaka aliyepata kitu cha dhahabu au fedha chenye umri wa zaidi ya miaka 300 atoe habari kwa muda wa siku 14. Vitu vingine vya kale huandikishwa kwa hiari katika mpango ulioanzishwa mwaka 1997, na sasa vimekwisha pita milioni moja na nusu. Kumbe wasiokuwa wasomi wanaweza kuisaidia elimu, mradi waseme walichopata na mahali walipokipata.

MASHINE NAYO NI MGONJWA WA MAJI

Turudi kwa mashine yenyewe, maana wengi huinunua kwa jasho na kuipoteza kwa uzembe. Kwanza, jua ni sehemu gani isiyoingiza maji. Katika nyingi, sahani ndiyo pekee iwezayo kuzama. Kisanduku chenye betri na swichi hakitakiwi kupata hata tone. Nyingine huzama zima zima, lakini kwa kina kilichotajwa na mtengenezaji, mara nyingi mita 3 au 5. Visikizi visivyo na waya havifai chini ya maji, kwa sababu mawimbi yake ya redio humezwa na maji.

Mlinzi wa mashine ya majini ni pete ndogo ya mpira, inayokaa penye kifuniko cha betri na penye maungio ya waya. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga ikilala juu ya pete hiyo, maji yamepata njia. Kila kabla ya kuingia, ifute pete kwa kitambaa safi, itazame kama ina ufa, uipake grisi ya silikoni kidogo tu hadi ing'ae. Usitumie mafuta yoyote uliyo nayo nyumbani. Yale yatokanayo na petroli huvimbisha mipira ya namna fulani. Pete ikizeeka, nunua mpya. Wazee walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapa ufa wenyewe ni wa shilingi chache.

Jambo la pili ni joto. Mashine iliyoachwa garini penye jua kali imejaa hewa ya moto ndani yake. Ukiitumbukiza papo hapo katika mto wa baridi, hewa ile husinyaa, na kisanduku huanza kufyonza maji kupitia penye udhaifu wowote. Iache kivulini kwanza mpaka ipoe.

Jambo la tatu ni kuosha, na hapa wavivu hujulikana. Ukitoka mtoni, na hasa ukitoka baharini, suuza mashine nzima kwa maji matamu yanayotiririka polepole. Maji ya kasi ya mpira wa kuoshea magari hupenyeza mchanga ndani ya maungio. Fungua kile kifuniko cha plastiki kinachokinga sahani, maana chini yake hujificha mchanga mweusi wenye chembe za chuma, nao huifanya mashine ilie bila sababu. Tenganisha vipande vya mpini, vinginevyo mchanga utavigandamanisha visiachane tena. Kausha kivulini wala si juani. Usiichaji kabla ya vichwa vyake vya kuchajia kukauka, kwa kuwa umeme na maji ya chumvi hula shaba kwa upesi wa kutisha.

Unapoiweka kwa muda mrefu, toa betri. Betri ikivuja huacha unga mweupe unaokula nyaya. Na koleo lako lioshe, likaushe, lipake mafuta kidogo. Kitunze kidumu.

Je, maji yakiingia ndani? Zima mara moja, toa betri, na usijaribu kuiwasha ili kuona kama bado nzima. Maji peke yake huharibu kidogo. Maji pamoja na umeme ndiyo yanayoua. Kama ni maji ya chumvi au ya tope, fundi aifungue na kuisuuza kwa yale maji yasiyo na chumvi yauzwayo kwa ajili ya betri za magari (maji, si asidi), kisha ikaushwe kwa siku kadhaa mahali penye upepo. Kuivundika ndani ya gunia la mchele kama wafanyavyo wenye simu si dawa; chumvi iliyokwisha ingia haitolewi na mchele.

KILICHOPATIKANA

Sasa tuseme mashine i salama, na mkononi una kitu kilichovikwa tope na kutu. Mkono wa kwanza huwa na haraka. Hukisugua kwa brashi ya waya, hukitia katika siki au ndimu, na baada ya saa moja hung'aa. Mng'ao huo ndio msiba. Maandishi ya sarafu na nakshi za bizimu mara nyingi zimo katika ule utando wa juu wa kutu, wala hazimo tena katika metali iliyo chini yake. Ukiuondoa utando umeliondoa jina la mfalme.

Kila metali ina maradhi yake. Dhahabu haiguswi na maji, isuuze tu. Fedha hugeuka nyeusi lakini hudumu. Risasi, ile metali laini ya kijivu, huchukia siki na hata mvuke wa mbao za mwaloni, nayo hugeuka unga mweupe ikiwekwa katika sanduku lisilofaa. Shaba iliyolala penye chumvi huweza kutoa vipele vya unga wa kijani kibichi siku nyingi baada ya kutolewa, vikaila kidogo kidogo.

Mgonjwa mkubwa ni chuma chenyewe. Kikikaa baharini, chumvi hupenya ndani kabisa. Kikitolewa na kuachwa kikauke, chumvi hiyo hukutana na hewa, kutu huvimba, na chuma hupasuka vipande kama mkate mkavu. Kwa hiyo kitu cha chuma kilichotolewa chumvini kisikaushwe. Kiweke katika chombo cha maji, ubadilishe maji hayo, na utafute mtaalamu kabla siku hazijapita nyingi.

Hayo yalionekana papa hapa kwetu. Mwaka 1697, wakati Waarabu wa Oman walipoizingira Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna, iliyoundwa mwaka 1681 huko Bassein, Bara Hindi, ilizama mbele ya ngome hiyo. Ilikaa chini ya tope karibu miaka 300. Tangu 1977 hadi 1980 wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy, wa taasisi ya Marekani ya elimukale ya majini, walifanya kazi pamoja na Makavazi ya Taifa ya Kenya kuichunguza. Vyombo vya udongo, vitu vya mbao na vya metali vilitolewa, na kwa ajili yake ikawekwa maabara ya kuhifadhia ndani ya ngome yenyewe.

Kupiga mbizi kulikwisha, lakini kazi ya maabara haikuisha siku hiyo. Chuma kizito kilichotoka baharini hulazwa ndani ya maji yenye dawa kali ya alkali kwa miezi, mara nyingine kwa miaka, na umeme hafifu hupitishwa humo ili chumvi itoke polepole. Mwili wa merikebu wenyewe haukuinuliwa. Uliachwa chini ya bahari, kwa maana kuutoa bila uwezo wa kuutunza ni kuuua. Mgeni atembeleaye Fort Jesus leo huviona vitu vyake katika makavazi. Avitazamapo akumbuke vilikopitia.

ALAMA YA MSALABA

Kuna jambo jingine linaloharibika upesi kuliko chuma, nalo ni habari ya mahali. Sarafu isiyojulikana ilikotoka ni kipande cha shaba tu.

Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, alikuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Ufukweni aliokota sarafu chache, akazitia koponi, na kopo likakaa hadi mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zikachunguzwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa, mji wa Waswahili ulio katika pwani ya Tanzania! Zilifikaje huko, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ni swali ambalo wataalamu wanajadiliana mpaka leo. Lakini swali lenyewe lisingekuwapo kama yule askari asingalitia alama ya msalaba kwenye ramani, kuonyesha alipoziokota. Mwaka 2013 wasafiri wa kielimu walirudi visiwani wakiifuata ramani hiyo. Alama ya penseli ilikuwa na thamani kuliko sarafu tano.

Basi mwenye mashine na abebe daftari. Aandike siku, mahali, kina, na kitu kilichokuwa kando yake. Apige picha kabla ya kuchimbua. Hayo hayagharimu kitu.

SHERIA NA HATARI

Hapa Kenya si ruhusa mtu kujichimbia apendavyo. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 yataka kibali kwa atafutaye mambo ya kale, na aliyekumbana na kitu cha namna hiyo atoe habari kwa Makavazi wala asikiondoe bila idhini. Kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa humu kabla ya mwaka 1895 chahesabiwa kuwa cha kale. Wapo wanaodhani sheria hii yawanyima riziki. Ukweli ni kwamba kijana auzaye upanga wa kale kwa mlanguzi hupata fedha ya juma moja, na kijiji chake hupoteza ushahidi wa karne nzima.

Halafu kuna uhai. Mashine haijui tofauti ya sufuria na bomu. Mnamo Februari 2018 bomu la kilo 500 la vita vikuu vya pili lilionekana katika gati kando ya Thames, na uwanja wa ndege wa jiji la London ukafungwa. Kwetu nako yako maeneo ambamo majeshi yamefanya mazoezi na kuacha mabaki. Ukifukua kitu cha chuma chenye umbo la risasi kubwa au chungu kisichojulikana, usikiguse, usikigonge. Weka alama, ondoka, uite polisi.

Mito yetu ina wenyeji wake pia. Tana ina mamba, na aliyevaa visikizi hasikii nyuma yake kuna nini. Maji yaliyotuama yana konokono wa kichocho, hivyo mabuti marefu si fahari. Na mvua iliyonyesha mlimani usiku huweza kufika bondeni mchana, kukiwa na jua na mbingu safi. Usiende peke yako. Mmoja akiinama, mwenziwe awe ukingoni akitazama.

Kabla ya kuvua viatu, basi, mwenye mashine na ajiulize maswali matatu. Je, nina ruhusa ya kutafuta hapa? Nikikipata, ninacho chombo cha maji cha kukiwekea, na namjua wa kumpelekea? Nitaandika wapi mahali nilipokipata? Akiwa hana jibu la hata moja, kitu hicho na kikae kilipo. Kimekaa humo salama miaka mingi, na hakitaudhika kumngoja mwingine aliyejiandaa.